Ua wa Fito na Uzuri wa Mwanya

Kwa miaka mingi baraza ya nyumba yetu hapa Tanga ilitazama mambo matatu ambayo hakuna mgeni anayestahili kutazamishwa anapokunywa chai: simtanki nyeusi iliyosimama juu ya matofali, kamba za kuanikia nguo, na jenereta ambayo siku hizi huwashwa kwa nadra lakini hakuna aliye tayari kuiuza. Upande wa pili kuna kinjia kinachotoka getini hadi mlango wa jikoni, na kila aliyekipita, hata muuza samaki, alijua tumekula nini asubuhi. Mke wangu ameipanda bustani hiyo kwa subira, ameweka asumini, mrehani, mchaichai na bogenvilia mbili zinazogombania kona moja, lakini macho hayakuwa na mahali pa kutulia. Nilipopendekeza tujenge ukuta mwingine wa matofali ndani ya ukuta uliopo, aliniuliza kama nataka tuishi ndani ya kisima.

Ndipo tulipoanza kuzungumzia ua wa fito za mbao, ule unaoonekana sana siku hizi katika picha za bustani za kisasa: fito nyembamba zilizonyooka, zimepangwa kwa nafasi zinazolingana, hazizibi kabisa wala haziachi wazi kabisa. Picha nyingi nilizoziona zilitoka Uingereza na Australia. Uingereza mwenye nyumba anaruhusiwa kwa kawaida kusimamisha ua wa hadi mita 2 bila kuomba kibali cha ujenzi, au mita 1 tu ikiwa ua huo unapakana na barabara ya magari, na kwa kuwa viwanja vyao vya nyuma ni vidogo na majirani wako karibu, mafundi wao wameufanya ua huo kuwa sanaa kamili. Wanatumia mierezi myekundu kutoka Amerika ya Kaskazini, au mbao za Siberia, ambazo hukaa nje miaka mingi bila kuoza. Nilizitazama picha hizo kwa wivu na, kama nitakavyoeleza, kwa ujinga.

Kabla ya kueleza ujinga huo, niseme kwamba jambo lenyewe si geni kwetu. Neno ua katika Kiswahili ni kizuizi, na pia ni ile sehemu ya wazi iliyozungukwa na kizuizi hicho. Ndiyo maana mtu akiwa nyuma ya nyumba tunasema yuko uani. Lugha haikutenganisha uzio na nafasi inayozungushiwa. Nyua za makuti, za fito za mikoko na za mabua nilizoziona utotoni zote zilipitisha hewa, na bibi yangu aliweza kumtambua mtu aliyesimama nje kwa rangi ya kanga yake kabla hajapiga hodi, ilhali aliyekuwa nje hakumwona bibi hata kidogo. Roshani za zamani za Unguja na Mombasa zenye mbao za kimiani zilifanya kazi hiyohiyo kwa ufundi wa juu zaidi. Ukuta wa tofali za saruji wenye vipande vya chupa juu yake ndio mgeni, nasi tumemzoea mno hata tunadhani ni mwenyeji.

Sasa ujinga. Ua wetu wa kwanza niliujenga miaka minne iliyopita, kwa kusaidiwa na kijana mmoja mwenye nyundo na mimi mwenye picha kwenye simu. Tulinunua mbao za paini ambazo zilikuwa mbichi kiasi kwamba msumari ukiingia maji yalichuruzika kandokando yake. Aliyetuuzia alituhakikishia kuwa zimetiwa dawa, na kweli zilikuwa na rangi ya kijani. Nilikuja kugundua baadaye, kwa kuukata ufito mmoja katikati, kwamba kijani hicho kilikuwa kimepakwa juu tu kama rangi ya mlango. Mbao iliyotiwa dawa sawasawa, kwa kusukumiwa ndani ya mtungi wa shinikizo, ukiikata unaikuta dawa imeingia ndani na kuacha pengine kiini peke yake. Nguzo tulizifukia ardhini moja kwa moja. Fito tulizibananisha zikagusana, kwa sababu nilikuwa nimelipia mbao na nilitaka kuona mbao.

Masika ya kwanza zilivimba, zikasukumana, na kwa kuwa hazikuwa na pa kwenda zikabinuka mbele na nyuma kama kurasa za daftari lililolowa. Kiangazi kilipokuja zilisinyaa kila moja kwa namna yake, zikaacha nyufa zisizolingana. Misumari ya kawaida ilishika kutu na kutoa machozi meusi juu ya kila ufito. Mwaka wa pili mchwa walikwisha kuingia katika nguzo kutoka chini, na usiku mmoja wa Kusi upande mzima ukalala juu ya mchaichai. Asubuhi niliishika nguzo moja ikavunjika mkononi. Nje ilikuwa nzima, ndani ilikuwa udongo.

Fundi aliyetujengea ua wa pili ni mzee aliyejifunza useremala katika majahazi kabla ya kuhamia milango na vitanda. Alipoyaona mabaki yale hakucheka, jambo ambalo ninalihesabu kuwa ni adabu kubwa, ila aliniuliza, "Mwalimu, mianya uliiweka wapi?" Nikamwambia sikuweka. Akasema basi sikujenga ua wa fito, nilijenga ukuta wa mbao, na ukuta wa mbao uliosimama juu ya udongo wa pwani haumalizi miaka mitatu. Katika kazi yote iliyofuata neno hilo, mwanya, ndilo alilolirudia zaidi kuliko mbao, skrubu au gharama. Sisi tunaousifu mwanya wa meno kwa msichana hatukupaswa kufundishwa kwamba nafasi tupu inaweza kuwa ndiyo uzuri wenyewe, lakini mimi nilihitaji kufundishwa.

Nikaanza na swali la macho, kwa sababu hilo ndilo lililotufanya tutake ua. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hesabu yenyewe inamtosha mwanafunzi wa kidato cha pili. Chukua ufito wenye unene wa milimita 20 na mwanya wa milimita 10. Mtu aliyesimama mbele ya mwanya huo barabara, akitazama moja kwa moja, anaona ng'ambo. Akisogea pembeni, unene wa fito unaanza kumkata macho, na pembe ikizidi digrii 27 hivi haoni chochote isipokuwa mbavu za mbao. Ukiongeza mwanya uwe milimita 25 bila kuongeza unene, inabidi asogee hadi digrii 51 ndipo afungiwe. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni ukubwa wa mwanya ukilinganishwa na unene wa ufito. Ukubwa wa mwanya peke yake haukuelezi lolote. Picha nyingi zinaonyesha upana wa fito kwa mbele na kukuficha unene, ambao ndio unaofanya kazi.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua pia kama fito zisimame au zilale. Mtindo wa sasa ni wa kulala, kwa kuwa mistari mirefu ya mlalo huifanya bustani ndogo ionekane pana, nami nakiri kwamba inapendeza. Lakini fito zilizolala humzuia anayetazama kutoka juu au kutoka chini, na zile zilizosimama humzuia anayetazama kutoka pembeni. Mtu anayepita kwenye kinjia chetu cha jikoni anatembea sambamba na ua, na macho yake kwa kawaida yako mbele, si ubavuni. Kwake yeye fito za kusimama ni ukuta kamili unaofunguka kwa nukta moja tu ikiwa atasimama na kugeuka, na mtu akisimama na kugeuka ili achungulie, hilo tena si tatizo la mbao. Upande wa tangi, kinyume chake, jirani yetu amepandisha ghorofa, na macho ya ghorofani yanashuka kwa mshazari. Huko tukalaza fito. Hivyo bustani moja ina nyua mbili za aina tofauti zinazokutana kwenye kona ya bogenvilia, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kuna sababu nyingine ya kuzilaza zile za ndani tu. Fito za kulala ni ngazi. Mjukuu wangu wa miaka mitano alilithibitisha hilo siku ya pili, kabla hata mafuta hayajakauka. Ua wa mpakani unaotazamana na barabara ukijengwa hivyo unamsaidia mwizi kuliko ukuta wa tofali, na kwa sababu hiyo nashauri fito za mlalo zibaki ndani ya kiwanja, ambako kazi yake ni kuficha.

Jambo la mwanga watu wengi hulisahau hadi usiku wa kwanza. Mchana, aliyekaa kivulini barazani anamwona aliyeko juani kupitia mianya, na aliyeko juani anaona giza. Taa ya barazani ikiwaka usiku mambo yanageuka, na familia nzima inakuwa kwenye jukwaa. Tulihamisha taa kutoka ukuta wa nyumba na kuziweka chini, mbele ya ua, zikimulika fito zenyewe kutoka upande wetu. Jicho la mtu wa nje likikutana na kingo za fito zilizong'aa halipenyi zaidi. Hiyo haikuwa hekima yangu; mke wangu aliiona katika hoteli moja na kuniambia niache kuhesabu pembe.

Upepo nao una sheria zake, na hapa ukuta wa tofali unashindwa vibaya zaidi ya watu wanavyodhani. Kaskazi inapovuma kati ya Desemba na Machi, ndiyo hewa pekee inayofanya alasiri ya Tanga ivumilike. Ukuta usio na tundu huirusha juu, kisha upepo hushuka nyuma yake kwa vurugu na kuyazungusha majani makavu mahali pamoja, huku yule aliyekaa karibu na ukuta akitokwa na jasho. Wanaopanda miti ya kukinga mashamba wanajua kwamba kizuizi kinachopitisha sehemu ya upepo hutuliza eneo refu zaidi kuliko kile kinachouziba wote. Kwa fito za upana wa milimita 45 na mwanya wa milimita 10, nafasi iliyo wazi ni asilimia 18 tu, nayo tuliiona ni ndogo kwa upande wa Kaskazi. Ule wa kinjia tuliupa mwanya wa milimita 15 na fito nene kidogo, za milimita 30, ili pembe ibaki ileile ya digrii 27 lakini hewa ipite zaidi. Asilimia 25 ya wazi. Tofauti inasikika kwenye shingo.

Upepo uleule ndio unaoangusha. Ua wa mita 6 kwa mita 1.8 una eneo la karibu mita 11 za mraba, na upepo wa mita 20 kwa sekunde, ambao tufani moja ya kawaida inaweza kuufikisha, ungeusukuma ukuta mzima wa ukubwa huo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 260. Mianya hupunguza mzigo huo, lakini haiuondoi, nami nilipomwonyesha fundi hesabu hiyo aliitazama kidogo akasema kwamba yeye angechimba shimo lilelile hata nisingeandika chochote.

Sasa mbao, ambako ndiko pesa inakokwenda na ambako maneno matupu ni mengi. Sisi wa Tanga tuna bahati, kwa kuwa Shamba la Miti la Longuza liko Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, nalo ni shamba la serikali la mitiki, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, ambao huuza miti hiyo kwa mnada. Mtiki, au msaji kama wazee wanavyouita, una mafuta yake ya asili yanayowachukiza mchwa na kukataa maji, ndiyo maana wajenzi wa vyombo vya bahari wanauthamini. Lakini sifa hizo ni za kiini cha mti, ile sehemu ya rangi ya asali iliyokoza. Sehemu nyeupe ya nje haina kinga hiyo, na mchwa huila kama wanavyoila paini. Miti michanga inayopunguzwa shambani ili mingine ikue ina weupe mwingi sana, na mbao zake huuzwa kwa jina lilelile la mtiki, kwa bei inayofurahisha. Fundi alikataa kila ubao uliokuwa na weupe zaidi ya upana wa kidole, na hata huo alihakikisha unakaa juu, mbali na ardhi.

Tulifikiria mninga na mkongo. Zote ni mbao bora, na mkongo hasa hauna mfano kwa kutulia, lakini ni miti ya misitu ya asili inayochukua miaka mingi kukua, na kuipasua ili kuficha tangi la maji mimi nilikuona kuwa ni ufujaji, kama kumkata ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya supu. Anayenunua ahakikishe angalau kuna hati ya kusafirishia na risiti, kwa sababu ubao usio na karatasi hizo mara nyingi una historia isiyopendeza. Mbao za paini kutoka Sao Hill kule Mufindi zinafaa kabisa kwa kazi hii zikiwa zimetiwa dawa kwa shinikizo, na ni nafuu kuliko mtiki. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki. Nchi kadhaa zimeizuia kwa matumizi ya nyumbani, Marekani tangu mwisho wa mwaka 2003, hivyo mwenye kuitumia asichome vipande vinavyobaki wala asivitumie kwenye jiko la kuni, na asipande mchicha chini yake. Kuhusu zile mbao za plastiki zinazoigiza mbao, nimeziona katika nyumba mbili zikiwa zimepinda kwa jua, na zaidi ya hapo sina la kusema.

Mbao za mtiki zilipofika, fundi hakuzigusa kwa wiki kumi. Zilipangwa chini ya banda, kila tabaka likitenganishwa na lingine kwa vipande vyembamba vilivyopangwa wima mmoja juu ya mwenzake, na ncha zote zikapakwa rangi nzito, kwa maana mbao hupoteza maji kwa haraka zaidi kwenye ncha na hapo ndipo hupasukia. Mimi, kwa kuwa siwezi kukaa bure, nilikata kipande kidogo na kukipeleka maabara ya shule. Kilikuwa na gramu 312; baada ya kukaa kwenye tanuri la nyuzi 103 hadi uzito ulipoacha kubadilika, kikabaki na gramu 260. Gramu 52 za maji juu ya gramu 260 za mbao kavu ni asilimia 20. Wiki kumi baadaye kipande kingine kilitoa asilimia 15, na fundi, ambaye alikuwa amefikia uamuzi huohuo kwa kugonga ubao na kusikiliza, akasema tuanze kuranda.

Hapo nilielewa kwa nini fito nyembamba hustahimili nje kuliko mbao pana. Mtiki hubadilika upana kwa takriban sehemu moja kwa mia kila unyevu unapopanda au kushuka kwa asilimia tano. Katika ufito wa milimita 45 hiyo ni chini ya nusu milimita, jambo ambalo hakuna jicho litakaloliona. Katika ubao wa milimita 200 ni milimita 2, na ubao huo ukiwa umebanwa pande zote mbili lazima ama ubinuke ama upasuke. Kwa urefu mbao karibu haibadiliki. Kukata ubao mpana kuwa fito nne kunaonekana kama kuongeza kazi, na kwa kweli kunaiongeza, lakini kila ufito unabeba kasoro yake mwenyewe na haumsumbui jirani.

Nguzo hazikuingia ardhini. Kila moja imekaa juu ya kiatu cha chuma kilichopakwa zinki, kilichozamishwa katika zege lenye kina cha sentimita 60, na uso wa zege umepewa mteremko ili maji yasilale. Kati ya kitako cha nguzo na zege kuna mwanya wa sentimita 3, na fito za chini kabisa ziko sentimita 10 juu ya udongo. Mianya hii miwili ndiyo muhimu kuliko yote, kwa sababu mchwa wa ardhini hawezi kuruka. Lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya zege na chuma ili aufikie mti, na njia hiyo ikijengwa hadharani naiona. Kila Jumamosi napita na ufagio. Mara mbili nimeikuta, nikaibomoa, na mambo yakaishia hapo. Ua wa zamani ulikuwa umewapa mlango wa siri. "Mbao haiozi kwa mvua," fundi alisema alipokuwa akichonga mteremko mdogo kwenye ukingo wa juu wa kila ufito wa kulala, "inaoza kwa maji yanayobaki."

Kuhusu skrubu nitasema kwa ufupi ingawa ziliniuma mfukoni. Tuko karibu na bahari, na chuma cha kawaida kisichoshika kutu, kile cha daraja la 304, huanza kuweka madoa ya kahawia katika hewa ya chumvi. Daraja la 316 limeongezwa molibdenamu na huvumilia zaidi. Sumaku haitakusaidia kuyatofautisha, hivyo nunua kwa muuzaji atakayekuandikia daraja kwenye risiti. Kwa upande wa kinjia wenye fito 100 na mihimili mitatu ya mlalo, skrubu ni 300, na kila moja ilitobolewa tundu kwanza kwa drili ili mbao isipasuke. Kwa upande wa tangi nguzo ziko kila baada ya mita 1 na nusu, wala fundi hakukubali kuzidisha, kwa sababu ufito mwembamba ukiachiwa masafa marefu hulegea katikati kama kamba ya nguo, na tulikuwa tunajenga ili kuificha hiyo kamba.

Kipimo cha mwanya kilikuwa kipande cha mbao kilichorandwa kwa unene kamili, alichokifunga kwa uzi kwenye kifundo cha mkono ili kisipotee. Anakiweka, anausogeza ufito, anafunga, anakitoa. Lakini baada ya kila fito kumi alirudi mwanzo na kupima kwa futi, kwa kuwa kosa la milimita moja likirudiwa mara thelathini na tatu linakuwa sentimita tatu na zaidi, na sentimita tatu mwishoni mwa ua zinaonekana hata na asiyejua anaangalia nini.

Swali la kupaka nini lilizua mjadala mrefu kuliko yote nyumbani. Majirani walitushauri oili chafu ya gereji, ambayo kweli huwasumbua mchwa kwa muda, lakini hunuka, huchafua udongo wa bustani na kila nguo inayopita karibu, na hugeuza mtiki mzuri kuwa mlingoti wa makaa. Fundi alizungumza kwa hamu juu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi, na mke wangu akamwambia kwa upole kwamba bustani haitasafiri kwenda Pemba. Vanishi ngumu tuliikataa, kwa maana jua la hapa huipasua, maji huingia chini yake, na kuibandua kwenye mamia ya fito ni adhabu. Tulipaka mafuta ya kitani mara mbili, kwa kitambaa, na vitambaa vyenyewe tukaviloweka majini kabla ya kuvitupa, kwa sababu vikikunjwa vikiwa na mafuta hayo vinaweza kujiwasha moto vyenyewe.

Baada ya mwaka mmoja na nusu, upande unaopigwa na jua la mchana umekuwa wa rangi ya fedha. Miale ya jua huvunja ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, mvua ikaiosha, na zikabaki nyuzi za kijivu juu ya mbao ambayo ndani ni nzima. Wengine hukimbilia kupaka upya ili warudishe rangi ya asali. Mimi nimeiacha, kwa kuwa kijivu hicho kimeyafanya maua ya bogenvilia yaonekane kama yamewashwa. Asumini mke wangu ameipandisha kwenye waya uliosimama sentimita 15 mbele ya fito, isiziguse, ili mbao ziendelee kukauka baada ya mvua.

Kasoro moja ipo. Ufito wa saba kutoka kona, upande wa kinjia, umejisokota, nao ulikuwa na fundo ambalo sote wawili tuliliona na tukalisamehe kwa sababu ilikuwa jioni. Nimeweka fito sita za akiba darini, zikiwa zimelala juu ya vipande vyake, na vuli ikimalizika nitaufungua ule uliosokotwa kwa skrubu zake tatu na kuweka mwingine. Utakuwa wa rangi ya asali katikati ya wenzake wa kijivu kwa mwaka mzima, na nimekwisha kuambiwa kwamba nisijaribu kuupaka majivu.